Mashine Isiyopita Mlangoni

Alikula ugali kwa kijiko. Hilo ndilo watu wa Mpanda walianza kumsema nalo, kabla hata ya mashine. Mtu mzima, Mpimbwe wa Majimoto, amekulia kwenye mpunga, anakaa mkekani na kuchota ugali kwa kijiko kama mgonjwa wa wodini. Wengine wakasema anajifanya mzungu. Wengine wakasema ana nadhiri. Mimi niliyefanya naye kazi najua. Herufi zake za kupigia chapa zilikuwa za madini ya risasi, na risasi ukiila kidogo kidogo inakukaa mwilini. Aliyemfundisha kazi enzi za mgodi alimwambia mkono wa mpiga chapa usiingie mdomoni, na yeye akishaambiwa jambo na mtu anayemheshimu, basi, limeisha, hata kama mtu huyo amekufa na mgodi umefungwa.

Mimi nilinawa kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa majivu, nikamalizia na sabuni, nikala kwa mkono wangu. Alikuwa ananitazama tonge kwa tonge.

"Mama Kulwa, unakula alfabeti hiyo."

"Niache nile, Fundi. Pengine nitaamka najua Kiingereza."

Hakucheka. Kucheka kwake ilikuwa kama mvua ya mwezi wa nane.

Sitasema alizaliwa lini wala ni mtoto wa nani, maana sijui na hakuniambia. Jina lake nalijua, ila mjini hakuna aliyelitumia. Watoto, padri, askari wa stesheni, wote walimwita Mzee wa Chapa. Mimi nilimwita Fundi. Nimesoma darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusu, lakini miaka ile ya tisini hakuna kadi ya harusi wala kitabu cha stakabadhi kilichotoka Mpanda kwa chapa ya mkono bila kupita kwenye vidole vyangu hivi. Nasema bila aibu.

Mashine yenyewe ilikuwa chuma cheusi, ndefu kunizidi, na gurudumu kubwa ubavuni. Chini ina kanyagio kama la cherehani. Unakanyaga, inafungua mdomo, unaweka karatasi, unatoa mkono, inafunga. Usipotoa mkono ni shauri lako. Ililetwa kwa treni kwa ajili ya makaratasi ya mgodi wa risasi, ikasimamishwa kwenye sakafu ya saruji, halafu ndipo ukuta ukajengwa kuizunguka. Mgodi ulipofungwa wenyewe waliondoa kila kitu cha thamani. Mashine ilikuwa haipiti mlangoni, na hakuna aliyetaka kubomoa ukuta kwa ajili ya chuma. Wakamwachia Fundi nyumba na mashine kwa pamoja, kama zawadi. Zawadi gani ile! Wenzake waliopewa baiskeli walizipanda wakaenda makwao.

Chumba kile, weee! Madirisha yote aliyapigilia mabati kwa misumari. Mlango aliutia kufuli mbili, na akiwa kazini alizifunga akiwa ndani. Mteja anapiga hodi, Fundi anauliza nani, mteja anajieleza, ndipo kufuli zinaanza kulia. Joto, harufu ya wino, harufu ya mafuta ya taa, taa ya chemli mchana kweupe. Nikitoka saa za jioni nilikuwa nasimama nje kwanza, nivute hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

Usimwone mwendawazimu. Herufi zilikuwa zinawindwa kweli. Watu wa magobore, wale wa porini huko Katavi, walikuwa wanahitaji risasi ya kuyeyusha. Wavuvi wa Karema nao walitaka vipande vya kuzamishia nyavu. Siku moja alikuja Mkonongo mmoja na debe la asali begani. Akalitua mlangoni, akavua kofia.

"Mzee, nipe zile mbovu tu."

"Mbovu zipi?"

"Zilizochakaa. Si umesema mwenyewe zimechakaa? Mimi sisomi, nayeyusha tu."

"Unataka kumpiga nguruwe pori kwa herufi zangu?"

"Nguruwe hajui kusoma, mzee. Hatalalamika."

Mimi nilicheka mpaka nikaegemea mashine, nami nikafukuzwa. "Simama mbali na chuma cha watu!" Yule Mkonongo alitolewa kwa ufagio, akaacha asali yake kwa kukimbia. Unadhani Fundi aliila? Debe lilikaa pale mlangoni, nyuki wakaja kulitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kutia hata kidole hadi mwenye asali alipomtuma mtu kulichukua.

Na herufi zenyewe zilikuwa hazitoshi. Zilitengenezwa kwa ajili ya lugha za watu wengine. Q tulikuwa nazo tele, X tele, zinang'aa kama mpya kwa kukosa kazi. Lakini A! Kiswahili kinakula A kama watoto wanavyokula sukari. Ukiandika "Bwana na Bibi wanawakaribisha" tu, kisanduku kimebaki vumbi. Kwa hiyo Fundi alikuwa na namna yake. Anapanga nusu ya juu ya kadi, anapiga zote, anazianika kwenye kamba. Kisha mimi naosha herufi na kuzirudisha kila moja kisandukuni kwake, naye anapanga nusu ya chini kwa A zilezile, kadi zinarudi mdomoni mara ya pili. Ukimwambia una haraka anakujibu, "Usiniletee haraka yako, hapa hakuna pa kuiweka."

Ndipo ikatokea ile ya Magamba. Msukuma mmoja wa huko, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi, alikuwa anamwoza kijana wake. Kadi zake zilikuwa kambani, zimepigwa nusu ya juu tu: majina ya wazazi, majina ya maharusi, siku. Mimi nilikuwa zahanati na mwanangu Doto, Fundi amekwenda stesheni kuulizia karatasi, ndani yupo mmoja wa vijana waliokuwa wanajifunza kazi. Mjomba wa bwana harusi akaja, akaziona zimekauka, akazipenda, akazibeba karibu zote. Akazigawa Magamba nzima. Kanisa lipi, saa ngapi, hakuna. Sasa watu wa huku wakikaribishwa bila kutajiwa mahali wanajua ni nyumbani kwa aliyewaita. Siku yenyewe wenye harusi wako kanisani mjini na padri anatazama mabenchi matupu, na wageni wote wako Magamba kwa Msukuma, wamemkuta bibi mzaa baba peke yake na mbwa. Bibi wa watu akadhani ndiyo utaratibu wa siku hizi. Akafunua masufuria. Maharusi waliporudi walikuta mifupa.

Msukuma alikuja amevimba.

"Mzee umenidhalilisha! Kadi gani haina kanisa?"

"Kadi ambayo haijaisha," Fundi akamjibu. "Nyie mmechukua mbichi."

Hakuomba radhi ng'o. Lakini kadi chache zilizokuwa zimebaki kambani alizimalizia. Alizipiga nusu ya chini, kanisa, saa, ukumbi, kila kitu, harusi imeshapita na bibi harusi ameshaanza kuteka maji kwa mkwewe. Akazibeba mwenyewe kwa baiskeli mpaka Magamba, akamkabidhi Msukuma. Nilimuuliza ni za nini sasa. Akasema kazi ikibaki nusu hapati usingizi. Alikuwa hivyo, hapindiki na hana aibu.

Lakini huyohuyo, chumba alichokuwa analala kilikuwa kinavuja. Turubai zuri, lile la lori, alikuwa amekifunika nalo chuma. Masika yakija anahamisha kitanda pembe hii na pembe ile, na mashine imelala kavu kama mtoto wa tajiri. Hakupenda redio wala kelele, na hapohapo akikanyaga alikuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa Kipimbwe, sauti nene, akifuata mdundo wa chuma. Kanisani kwenyewe haendi. Masika hayohayo reli ikikatika na wino usije, aliwahi kuchanganya masizi na mawese akapiga vitabu vya stakabadhi vya duka moja pale sokoni. Vilitoka vizuri. Sisimizi wakavipenda kuliko mwenye duka.

Na uchaguzi wa vyama vingi ulipokuja, vijana wa chama hiki na wa chama kile waliketi kwenye benchi moja mle ndani, magoti yanagusana, kila upande na karatasi zake za kubandika ukutani. Herufi kubwa za mbao za kichwa cha habari zilikuwa seti moja tu. Wa kwanza wakishapigiwa KURA yao, naifungua, naifuta, ndipo wa pili wapigiwe KURA yao kwa mbao zilezile. Wakaanza kusukumana kwa viwiko. Fundi hakugeuka.

"Mkitaka kupigana tokeni. Mkitaka K, ngojeni."

Wakangoja. Sijawahi kuona vyama vimetulia vile.

Sasa nije kwenye lililokuwa linamtafuna. Mke wake hakuwa anaishi naye. Hawakuachana, la. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache yanayouma, nami nilimwita dada. Alichoka kuishi ndani ya kufuli akarudi Majimoto kulima mpunga. Alipokuwa anaondoka Fundi alimwahidi atamfuata akishapata mtu wa kumwachia mashine. Mtu wa kuikanyaga, kuipaka mafuta, kuzilinda herufi. Akishampata tu, siku hiyohiyo anapanda gari.

Kila baada ya mavuno dada alikuwa anampakilia gunia la mchele kwenye lori, na ujumbe kwa dereva. "Anasema nyumba imeezekwa." Mwaka mwingine, "Anasema kitanda kipo." Na Fundi kila mara, "Mwambie nakuja mwaka huu, nikipata mtu."

Yule dereva alikuwa mtani. "Mzee, ujumbe huo nimeubeba tangu lori hili lina taa mbili."

Watu walikuja, lakini hawakukaa. Kijana mmoja alikimbilia dhahabu. Mwingine akawa kondakta huko Tabora. Yule wa tatu, aliyemruhusu mjomba wa Magamba abebe kadi mbichi, alikuwa na mkono mzuri kweli, na ndiye aliyemuuma zaidi. Alifungua duka la fotokopi karibu na stesheni, jenereta nje inanguruma. Wateja wakahamia kwake. Fundi alipita pale mara moja, akatazama karatasi inavyotoka moto kwenye mashine, akaipapasa kwa kidole.

"Haina alama," akaniambia aliporudi. "Karatasi haijui kama imeandikwa."

Nikamwambia, "Fundi, anayesoma haipapasi. Anasoma."

Alininunia siku kadhaa.

Halafu akaja kijana kutoka Dar es Salaam, mkusanyaji wa vitu vya kale. Nilidhani atakuwa na majivuno, lakini alikuwa na adabu kuliko wanangu. Aliamkia, akavua viatu mlangoni, akaizunguka mashine mikono nyuma kama yuko msikitini. Akapima mlango kwa futi. Akapima mashine. Akachora ukutani mstari kwa chaki.

"Mzee, tutabomoa hapa, tuitoe nzima, tuujenge ukuta upya. Wewe hugharimii kitu. Itakaa mahali pakavu, watu waje kuiona mpaka wajukuu wa wajukuu."

Nilianza kuota mchana. Nikamwona dada Majimoto, nikaona kitanda, nikaona Fundi amekaa nje kwenye kiti kama wazee wenzake. Nikasema kimoyomoyo, mzee wangu, mlango huo umefunguka, toka.

"Nani ataikanyaga?" Fundi akauliza.

"Hakuna, mzee. Haitaguswa. Ndiyo itadumu."

"Na wino?"

"Utasafishwa wote."

"Na herufi?"

"Zitakuwa ndani ya kioo. Tunaweza hata kulipanga jina lako."

Fundi alimkazia macho. Kijana akaanza kuvaa viatu kwa wasiwasi.

"Mtu akifa anaoshwa," Fundi akasema, "analazwa, watu wanapita kumtazama. Hakuna anayemgusa. Mimi sijafiwa."

"Fundi!" nikapiga kelele. "Sema ndiyo! Mke anakungoja, unataka akungoje mpaka lini?"

Hata hakunisikia. Yule kijana naye hakukasirika. Aliuliza taratibu tu, "Na siku ukitangulia wewe, mzee?"

"Siku hiyo njoo. Hutanikuta wa kukuzuia."

Kijana akaondoka na futi yake. Mpaka leo nasema alikuwa na haki, na mpaka leo najua kwa nini Fundi alikataa. Vyote viwili ninavyo kichwani na havipatani.

Siku iliyofuata Fundi alinitengea kiti. Hajawahi kunitengea kiti. Akaweka funguo mezani, zote mbili, kwenye kamba yake nyeusi kwa wino.

"Mama Kulwa, shika wewe."

Nikajua analosema. Nikazitazama zile funguo. Nilizijua herufi zote kwa kugusa tu, nilijua rola ipi ya wino inavuta na ipi imechoka. Hakuna mtu Mpanda aliyestahili kuliko mimi, na yeye alilijua hilo miaka yote, akawa anazunguka kutafuta vijana wa kiume wenye darasa la saba. Ningeweza kujivunia. Nikatazama madirisha yaliyopigiliwa.

"Fundi," nikamwambia, "wewe hutafuti mrithi. Unatafuta mtu wa kufungwa badala yako. Mimi nina watoto."

Alizichukua funguo akazirudisha shingoni. Wala hakusema neno baya. Akaniuliza kama B ndogo zimeshaoshwa.

Haukupita muda Kulwa akajifungua, mimi nikahamia Magamba anakokaa kumlea mzazi na kulima mahindi. Mpanda nikawa napita tu siku za soko. Nilikuwa naona mlango umefungwa, nasikia mdundo, napita. Moyo ulikuwa unauma lakini miguu inapita.

Mjukuu wangu alipofikia kubatizwa nikasema la hasha, huyu hatangazwi kwa fotokopi. Mtoto mwenye nyusi kama za chifu! Nikambeba mgongoni, nikaenda mjini, nikapiga hodi kwa Mzee wa Chapa.

"Nani?" Sauti ya mwanamke.

Mlango ukafunguliwa na dada. Amejifunga kanga kifuani, jasho linamtiririka, wino mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake Fundi amekaa kwenye kigoda mbele ya visanduku. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, yote mawili. Alikuwa anapanga kwa kupapasa, uso ameuinua juu kama mtu anayesikiliza.

"Ni Mama Kulwa huyo," akasema. "Nimeujua mguu."

Dada alinikalisha, akamtazama mtoto, akamtemea mate ya baraka. Kisha akarudi kwenye mashine na kuweka mguu juu ya kanyagio. Ule mguu mpana wa majarubani, kisigino kimepasuka, kidole gumba kimejitenga. Akakanyaga vizuri kabisa. Mimi nilihangaika siku nyingi sana kukanyaga hivyo.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Nilikuja kumchukua. Nilikuja na gari kabisa. Nikamwambia hata kuona huoni sasa, unalinda nini? Akaniambia, nikipata mtu." Akapangusa jasho kwa bega. "Nimeshindwa kumtoa, basi nimeingia."

"Na mpunga, dada? Nani yuko Majimoto?"

Aliweka karatasi, akatoa mkono, mdomo wa chuma ukafunga, ukafungua.

"Majaruba nimewapa wadogo zake huyu. Nyumba nayo anakaa mtoto wa kaka yake na mke na watoto. Si nyumba ya kumwambia mtu atoke tena."

Alisema akinitazama mimi, lakini alikuwa anamwambia yeye. Nilijua hivyo kwa sababu mkono wa Fundi ulisimama hewani. Herufi moja ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na ile ilikuwa mara ya kwanza namwona anaangusha herufi. Dada aliacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka lenyewe, polepole, likasimama. Mtoto mgongoni kwangu akajinyonganyonga, nikampigapiga.

Nilingoja alie, au atukane, au aseme tu jina la kwao.

Fundi aliinama. Alipapasa sakafu kwa viganja, chini ya kigoda, chini ya meza, bila haraka, mpaka akaipata. Akaipuliza vumbi, akaisoma kwa kidole gumba, akaiweka mahali pake katika mstari.

"Kanyaga, mama," akasema.

Dada akakanyaga.